Kwa nini kwenye makongamano ya Masomo ya Korea Mwafrika lazima awekwe jopo la "Korea na Afrika"?

#1 BintiPangani

Wakuu, habari za jioni. Kuna jambo limenikaa kooni tangu asubuhi. Naomba mnisaidie kulielewa kabla sijamwandikia mtu barua ya hasira.

Nasoma uzamivu huku Korea. Utafiti wangu ni barua za wanawake wa enzi ya Joseon, ufalme wa zamani wa Korea, zile zilizoandikwa kwa Hangul, alfabeti ya Kikorea. Makala niliyoiandaa inahusu barua moja tu: ile iliyotoka kaburini Andong mwaka 1998, walipokuwa wanahamisha makaburi kupisha ujenzi wa nyumba. Iliandikwa 1586 na mjane, akailaza juu ya mwili wa mumewe, Yi Eung-tae. Pembeni yake palikuwa na viatu vilivyosukwa kwa katani na nywele za huyo mwanamke.

Nilituma ikisari kwenye kongamano moja la wanafunzi wa uzamili na uzamivu (jina naliacha), wakanikubali, nikafurahi. Leo ratiba imetoka. Jopo la fasihi ya Joseon lipo, saa nne asubuhi, siku ya kwanza, watoa mada watatu, na nafasi ya nne iko wazi. Mimi nimewekwa siku ya pili, saa kumi na nusu jioni, jopo la mwisho, "Korea na Afrika". Nipo na Mghana mwenye mada ya mikopo ya barabara, na Mwethiopia anayezungumzia Kagnew, kikosi cha Ethiopia kwenye Vita vya Korea. Mada zao nzuri sana. Ila mjane wa 1586 anaingiaje hapo?

Mwaka jana ilikuwa hivyohivyo mahali pengine. Madai yangu ni haya: wanaangalia pasipoti, ikisari hawasomi. Nani kayaona haya?

#2 Chuma_Ulete

Saa kumi na nusu siku ya pili? Hapo wenzio washabeba mabegi wanawahi treni. Utawasomea viti. Pole dada, nipo nasoma michango.

#3 Mzee_wa_Mabibo

Binti, pole. Ila tuseme ukweli hata kama unauma. Kwa miaka mingi wanafunzi wetu wanaokwenda Korea wameleta mada za aina moja: "Mafunzo ya maendeleo ya Korea kwa nchi yetu". Mwandaaji akishaona mada kumi za hivyo, ya kumi na moja anaiweka palepale bila kuifungua. Wewe unalipa deni la waliokutangulia.

Na kwa nini waliandika hivyo? Vyanzo. Mtu akitaka Joseon anahitaji hanmun, yaani Kichina cha kale. Akitaka miaka ya 1910 hadi 1945 anahitaji Kijapani. Sasa mtu katoka Kibaha, kajifunza Kikorea akiwa na miaka 26, utamwambia aanze tena lugha mbili?

#4 Msomi_Bubu

Mzee hapo #3 unazidisha. Kumbukumbu za wafalme wa Joseon zipo mtandaoni bure, na ziko kwa Hangul. Mtu mvivu ndiye anasingizia lugha.

#5 Mzee_wa_Mabibo

Msomi, unachokisoma mtandaoni ni tafsiri. Kumbukumbu zenyewe, Sillok, ziliandikwa kwa Kichina cha kale, miaka 472, kuanzia 1392 hadi 1863. Tafsiri ya Kikorea cha leo ilianza 1968 ikakamilika 1993. Kwenye kongamano ukinukuu tafsiri peke yake, mtu atakunyooshea kidole: "Neno la asili hapo ni lipi?" Nimeyaona kwa macho yangu. Kijana wa watu alikosa pa kuweka mikono.

Anachosoma Binti ni bahati, kwa sababu barua zile ni Hangul. Lakini Hangul ya karne ya 16 nayo si ya kusoma kama gazeti.

#6 Nyasi_za_Mbeya

Mimi ni mmoja wa hao "waliokutangulia" anaowasema Mzee. Sioni aibu, ila naomba niseme ilivyokuwa.

Nilipata ufadhili wa serikali ya Korea, GKS. Mwaka mmoja lugha, lazima ufike daraja la 3 la TOPIK, mtihani wa Kikorea, halafu miaka miwili ya uzamili. Miwili tu! Muhula wa kwanza unatafuta njia ya maktaba. Wa pili msimamizi anauliza mada. Wa tatu unaandika. Wa nne unatetea. Hanja, zile herufi za Kichina, utajifunza usiku upi? Msimamizi wangu mwenyewe aliniambia, kwa upendo kabisa, "Andika Saemaul na Ujamaa, utamaliza." Nikamaliza.

Na msidhani Saemaul, ule mpango wa Korea wa kuendeleza vijiji, ni mada nyepesi. Majira ya baridi ya 1970 kuingia 1971 serikali iligawa mifuko 335 ya saruji kwa kila kijiji, vijiji zaidi ya 33,000. Sharti lilikuwa moja: itumike kwa kazi ya wote, asigawiwe mtu. Awamu iliyofuata vijiji 16,600 vilivyofanya vizuri vikaongezewa mifuko 500 na tani moja ya chuma. Vingine vikatoka kapa. Sasa linganisha na sisi, tulivyohamisha watu kwanza huduma zikafuata baadaye. Kuna makala kumi hapo. Tatizo ni kwamba wote tunaandika ileile ya kwanza.

#7 Wa_Kiambu

Hapa Kenya kila mwanasiasa anajua hotuba moja: "Mwaka wa 1963 Kenya na Korea tulikuwa sawa." Profesa akisikia wewe ni Mkenya, anangoja hiyo hotuba. Nilienda kongamano na makala kuhusu tamthilia za redio, swali la kwanza nikaulizwa, "Kenya ilikosea wapi?" Nikabaki mdomo wazi.

#8 Chuma_Ulete

@Wa_Kiambu na jibu likawa nini? Ilikosea wapi? Tunasubiri.

#9 Wa_Kiambu

@Chuma_Ulete nilijibu kwamba hatukuwa sawa. Takwimu za Benki ya Dunia za 1960 zinaonyesha Korea tayari ilikuwa juu yetu kwa pato la kila mtu. Halafu wao waligawa ardhi mapema, sheria ya 1949 ikatekelezwa kuanzia 1950, mkulima akawa na shamba lake na mtoto wake akaenda shule. Sisi ardhi mpaka leo ni kesi. Nikasema hayo, dakika zangu zikaisha, tamthilia za redio hazikuguswa.

#10 Bukavu_Moja

Salamu bandugu kutoka Ubelgiji. Nina swali kwa dada wa #1. Ikisari yako uliandika "Joseon" ao "Chosŏn"?

Musicheke, hili ni jambo kubwa. Serikali ya Korea ilitoa tahajia mpya ya kuandika Kikorea kwa herufi za Kilatini mwaka 2000. Lakini huku Ulaya na Marekani, watu wa historia na fasihi ya zamani wengi bado wanashika ile ya McCune na Reischauer ya 1939, yenye vile vialama juu ya o na u. Majarida mengi ya Kiingereza yanaidai. Ukileta "Joseon" mbele ya mzee wa fasihi, haraka anajua hukupita mikononi mwao. Anakuweka na watu wa siasa na uchumi. Mimi ilinitokea. Nilibadili tahajia, mwaka uliofuata nikawekwa jopo la historia. Mada ileile!

#11 Msomi_Bubu

Kwa hiyo vialama viwili vilibadilisha uraia wako? Hapana, hiyo ni bahati tu.

#12 Bukavu_Moja

Sikusema uraia. Nilisema jopo. Soma tena.

#13 BintiPangani

Asanteni wote. @Bukavu_Moja niliandika "Joseon". Nipo chuo cha Korea, hapa ndiyo tahajia tunayofundishwa kwa Kiingereza. Sikujua kama inaweza kunisemea mabaya.

@Mzee hiyo ya kulipa deni la wengine inaniuma, ila siikatai moja kwa moja.

#14 Karani_wa_Zamu

Naomba niseme kutoka upande wa pili wa meza. Nilikuwa kwenye kamati ya kongamano kama hilo, Ulaya. Huwa yanazunguka, mwaka huu chuo hiki, mwakani kile, na wanaoandaa ni wanafunzi kama ninyi. Tulikuwa watano. Ikisari karibu sabini. Jumamosi moja, kuanzia saa tatu asubuhi mpaka giza, sebuleni kwa mwenzetu. Tulizichapa tukazimwaga sakafuni, tukaanza kufanya mafungu. Hili fasihi, hili dini, hili filamu na muziki, hili Kaskazini, hili Wakorea wa ughaibuni.

Mwisho zikabaki kama nane ambazo hazikai popote. Hapo mna njaa, mmechoka, mwenye nyumba anataka kulala. Mtu mmoja akaokota tatu akasema, "Hizi zote zina Afrika." Tukapumua, tukaandika kichwa cha jopo. Dakika moja haikuisha.

Hatukuangalia pasipoti. Tuliangalia maneno. Binti, kwa heshima kabisa: ndani ya ikisari yako kuna neno "Afrika"?

#15 BintiPangani

@Karani_wa_Zamu nimeifungua sasa hivi. Maneno 280. Maneno 250 ya kwanza ni barua ya Andong: karatasi, mwandiko, namna anavyomwita mumewe. Sentensi ya mwisho nimeandika kwamba njia hii ya kusoma inaweza kusaidia kusoma barua za wanawake wa Pwani ya Afrika Mashariki zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu.

Sentensi moja jamani.

#16 Chuma_Ulete

Kesi imekwisha. Mshtakiwa ni sentensi ya mwisho.

#17 Shangazi_Incheon

Haijaisha, mwanangu. Nimekaa nchi hii miaka kumi na minane, kongamano nimeanza kuhudhuria hata kabla ya baadhi yenu kujua kula kimchi.

Mwaka jana alikuwapo binti Mjerumani, ikisari yake ilimalizia kwa kulinganisha na barua za Ujerumani ya karne ya 16. Aliwekwa jopo gani? Fasihi ya Joseon. Hakuna aliyemfungulia jopo la "Korea na Ujerumani". Kwa hiyo Karani anasema kweli kuhusu uchovu, lakini mchovu huwa anafuata njia aliyoizoea, na njia hiyo kuna mtu aliikanyaga kabla.

Tena niwaambie kitu. Huku Korea mambo hayaishii ukumbini. Kila makala ina mtu aliyepangiwa kuijadili, toronja, naye anakuja na hoja zake zimeandikwa. Zote zinachapwa kwenye kitabu kimoja, jaryojip, unakikuta mlangoni na beji yako. Baada ya hapo kuna dwipuri, chakula cha jioni. Pale kwenye nyama ndipo watu wanakumbuka jina lako. Wengi wetu tunakwepa dwipuri, huyu hanywi, huyu hali nguruwe, huyu anawahi basi. Nenda! Kunywa soda, kula wali na yai, kaa karibu na mtu unayesoma kazi zake. Mimi nafasi zangu zote zilianzia mezani.

#18 Nyasi_za_Mbeya

Shangazi kaongea. Nakazia hapo kwenye dwipuri. Mimi niliachwa na msosi kila mara kwa sababu ya basi la saa tatu usiku.

#19 Mtoto_wa_Lamu

Assalam aleikum. Sijui Kikorea hata neno moja, nimeingia kwa sababu ya sentensi ya mwisho ya Binti. Usiitoe! Hiyo ndiyo iliyonifanya nisome uzi wote.

Kwetu barua na tenzi za wanawake ziliandikwa kwa herufi hizo karne na karne. Angalia utenzi wa Mwana Kupona, aliouandika miaka ya 1890 kumuusia binti yake.

#20 Mzee_wa_Mabibo

Ndugu wa Lamu, wa aleikum salaam. Rekebisha mwaka: ni 1858. Mwana Kupona alifariki karibu na 1860, kwa hiyo 1890 haiwezekani. Alikuwa mke wa Bwana Mataka wa Siyu, na binti ni Mwana Hashima.

#21 Mtoto_wa_Lamu

Shukran Mzee, kalamu imeteleza. 1858.

Lakini angalizo kwa Binti. Ule ni wasia, mama anamfunza mtoto. Barua yako ni mke anamlilia mume. Usivifunge kamba moja kwa sababu vyote ni vya wanawake. Ukitaka cha kulinganisha na Mwana Kupona, Korea hawana mama aliyeandika mausio kwa wanawake?

#22 BintiPangani

@Mtoto_wa_Lamu umenigusa! Yupo. Malkia Sohye, 1475, aliandika Naehun, mafunzo kwa wanawake wa nyumba ya kifalme. Miaka 383 kabla ya Mwana Kupona. Alikuwa mjane kama Mwana Kupona. Nimekaa na vitabu hivi miaka mitatu, sikuwahi kuvilaza meza moja. Asante sana.

#23 Msomi_Bubu

Mnaona? Mmesharudi Afrika. Mtu analalamika kuwekwa jopo la Korea na Afrika, na posti tatu baadaye anataka kuandika makala ya Korea na Afrika. Chagueni moja.

#24 Shangazi_Incheon

Msomi, kuchagua mwenyewe na kuchaguliwa ni vitu viwili. Nikikukaribisha ubwabwa ukakataa ukaomba ugali, umekula ulichotaka. Nikikuwekea ugali kwa sababu nimekuona sura ya mla ugali, hapo tutagombana hata kama ugali unaupenda.

#25 Mwanafunzi_Yongin

Hamjambo. Mimi ni Mkorea. Nilisoma Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Hankuk cha Mafunzo ya Lugha za Kigeni, kampasi ya Yongin, sasa nasoma uzamili. Huwa nasoma tu hapa, leo naomba nichangie. Mkiona kosa la upatanisho mnisamehe.

Mimi natafiti ushairi wa Kiswahili. Nikienda mikutano ya Masomo ya Afrika hapa Korea, napangwa pamoja na watu wa biashara, madini na misaada. Mwaka 2024, ulipofanyika mkutano wa kwanza wa viongozi wa Korea na Afrika, simu yangu haikupumzika. Kila mtu alitaka nieleze soko la Afrika. Nilikuwa naandika kuhusu vina na mizani! Nadhani Korea inaitazama Afrika kwa dirisha moja, dirisha la uchumi. Anayepita nje ya dirisha hilo haonekani, awe Mkorea au Mtanzania. Kwa hiyo sidhani ni pasipoti ya BintiPangani.

#26 Wa_Kiambu

Karibu sana ndugu. Kiswahili chako kinashinda cha nusu ya watu hapa, na mimi nimo.

#27 Chuma_Ulete

@Mwanafunzi_Yongin umesema "upatanisho" bila kukwama. Mimi nilifeli hiyo mada kidato cha pili. Karibu nyumbani.

#28 Bukavu_Moja

Posti #25 imenifikirisha. Lakini dirisha la uchumi si la zamani sana. Zamani kulikuwa dirisha la siasa. Nyerere alikwenda Pyongyang 1968. Mansudae, karakana ya sanaa ya serikali ya Korea Kaskazini, wamejenga makaburi ya mashujaa Windhoek na ile sanamu kubwa ya Dakar ya 2010. Watu wanaoandika juu ya hayo wanapokelewa vizuri sana kwenye makongamano, ukumbi unajaa. Kwa hiyo Afrika si tatizo. Tatizo ni Afrika isiyo na sanamu wala daraja.

#29 Msomi_Bubu

Tanzania na Korea ni marafiki tangu 1964, sasa dirisha la siasa lilifungwa lini?

#30 Mzee_wa_Mabibo

Unachanganya nchi, na unachanganya Korea. Kenya na Korea Kusini ni 1964. Tanzania na Kaskazini ni 1965. Tanzania na Kusini tulisubiri hadi 1992. Ndiyo maana hapa kwetu masomo ya Korea ni kitu kichanga, na walioanza walianzia kwenye miradi, kwa sababu miradi ndiyo ilitangulia kufika.

#31 BintiPangani

Mrejesho. Nimeandika barua pepe, ya adabu, hasira nimeziacha humu kwenu. Wamejibu ndani ya siku moja, nao kwa adabu. Wamesema kitabu bado hakijaenda kuchapwa, naweza kuhamia jopo la fasihi kama mtu wa nne, ila watanikatia muda: dakika kumi badala ya ishirini, na mjadili wa jopo lile hatakuwa ameisoma makala yangu. Nikibaki nilipo, dakika ishirini zote, na mjadili ameshaipata.

Nimekwama. Mngefanyaje?

#32 Karani_wa_Zamu

Hama. Dakika kumi mbele ya watu wa fani yako zina faida kuliko ishirini mbele ya viti. Na usilaumu kamati, kukubali kufungua ratiba iliyokwisha kutoka si jambo dogo.

#33 Shangazi_Incheon

Baki. Mjadili aliyesoma ni mali. Ukihama utapata pongezi tupu, "makala ya kuvutia", basi. Halafu uende ukakae kwenye jopo la fasihi asubuhi, uulize swali moja zito, utaje jina lako na mada yako. Utakuwa umeingia majopo mawili.

#34 Nyasi_za_Mbeya

Nahama. Samahani Shangazi. Ukibaki, mwakani wataweka tena.

#35 Wa_Kiambu

Kama ni mimi nabaki, ila natoa ile sentensi ya mwisho.

#36 Mtoto_wa_Lamu

Wallahi ukiitoa sisomi tena uzi wako.

#37 BintiPangani

Wakuu, wiki mbili kimya, samahanini. Kongamano limekwisha. Nilibaki.

Asubuhi ya siku ya kwanza nilifanya alivyosema Shangazi. Jopo la fasihi, nikauliza swali kuhusu mwandiko wa barua za ikulu, nikataja jina na mada. Mtoa mada mmoja akaniandikia anwani yake nyuma ya jaryojip. Jioni nilikwenda dwipuri, nilikula wali na mayai matatu.

Siku ya pili saa kumi na nusu tulikuwa watu kumi na mmoja, tukijihesabu na sisi watoa mada. @Chuma_Ulete mabegi yalikuwa mlangoni kweli. Watu wa fasihi hakuja hata mmoja, hata huyo wa anwani. Iliniuma, sisemi uongo.

Nikaonyesha picha ya barua. Mnajua ile karatasi ilimwishia? Anaandika kutoka kulia kwenda kushoto, nafasi inaisha, anapanda ukingo wa juu, unaisha nao, anarudi mwanzoni kabisa na kuzigeuza herufi kichwa chini ili amalize. Hakuchukua karatasi ya pili. Nilipoonyesha hapo ukumbi ulikuwa kimya.

Halafu nikaeleza neno analomwita mumewe, "janae". Leo neno hilo mkubwa anamwita mdogo, profesa anamwita mwanafunzi, mama mkwe anamwita mkwewe wa kiume. Lakini huyu wa 1586 anamwita mume. Wapo wanaosema ni ushahidi kwamba karne ya 16 mke na mume waliitana kwa usawa, kabla adabu za Kikonfusi hazijakaza nyumba zote.

Yule Mwethiopia wa Kagnew akanyoosha mkono. Akasema Kiamhari kina "wewe" ya kawaida na "wewe" ya heshima, na bibi yake alimwita babu kwa ile ya heshima mpaka siku ya kumzika, siku hiyo ndiyo akaibadilisha. Akauliza: una uhakika "janae" ni neno la maisha yao, au ni neno la msiba? Labda mke analitumia kwa sababu mume amekufa, na mauti yameondoa ngazi.

Sikuwa na jibu. Mjadili wangu, ambaye ni mtu wa historia ya uchumi, akainamisha kichwa akaanza kuandika. Nimekuwa na barua hiyo miaka mitatu, hakuna msimamizi wala kitabu kilichowahi kuniuliza hivyo.

#38 Nyasi_za_Mbeya

Hongera sana dada. Lakini naomba tusisahau: watu wa fasihi hawakuja. Swali zuri halifuti hilo.

#39 Karani_wa_Zamu

Na mimi nasema lilipatikana kwa sababu mlikaa watu wa mada tofauti. Jopo la fasihi lingempa swali la tahajia.

#40 Bukavu_Moja

Swali la tahajia nalo ni swali.

#41 Shangazi_Incheon

Mayai matatu! Umefanya vema.

#42 Mtoto_wa_Lamu

Binti, mimi nangoja kitu kimoja. Hiyo barua utupe kwa Kiswahili. Na "janae" utalifasirije?

#43 BintiPangani

Nimeanza. Kwa mistari ya kwanza nimejaribu hivi, kwa maana yake: siku zote uliniambia tuishi mpaka nywele zetu ziwe nyeupe, tufe siku moja, sasa umewezaje kwenda na kuniacha? Hapo "janae" nimeweka "wewe" tu, na siipendi. "Bwana" inamweka juu. "Mume wangu" ni ndefu na ya kikatiba.

#44 Mwanafunzi_Yongin

Naona "wewe" inapoteza kitu. Mwalimu wangu wa Kiswahili alitufundisha "mwenzangu". Haina ngazi. Inafaa?

#45 Mtoto_wa_Lamu

Mwenzangu! Huku kwetu mwanamke akifiwa na mume ndivyo anavyomtaja. "Mwenzangu kanitangulia." Weka hiyo, Binti.

#46 Mzee_wa_Mabibo

Ngojeni kwanza. "Mwenzangu" ni neno la kumtaja zaidi kuliko kumwita. Barua inamwita. Mke wa Pwani akimwita mumewe aliye mbele yake, atasema "mwenzangu"?

#47 Mtoto_wa_Lamu

Mzee, anasema. Bibi yangu alisema. Nipe mpaka kesho nimuulize mama.